Waliobisha hodi Paris hawakuwa Wajerumani

Ukisoma riwaya ya Maangamizi ya Wayahudi inayotokea Paris, mlango unapogongwa alfajiri, akilini unamwona askari wa Kijerumani. Wengi wetu ndivyo tunavyoamini. Tarehe 16 na 17 Julai 1942 haikuwa hivyo. Waliopanda ngazi walikuwa polisi wa Ufaransa, mkononi wana majina na anwani zilizotokana na sensa ya Wayahudi ya mwaka 1940. Wanazi ndio waliotaka watu hao wakamatwe, kweli, lakini serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani walioikalia nchi, ilikubali kuifanya kazi hiyo.

Walikamatwa watu takriban 13,000, zaidi ya 4,000 wakiwa watoto. Familia zilirundikwa Vélodrome d'Hiver, uwanja wa ndani wa mbio za baiskeli, siku kadhaa, joto kali, maji haba. Kisha, kwenye kambi za Pithiviers na Beaune-la-Rolande, watoto walibanduliwa mikononi mwa mama zao, wengine wadogo kiasi cha kutoweza kutaja majina yao. Wengi waliishia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Kwa hiyo mwandishi akimweka mlangoni polisi anayezungumza Kifaransa cha mtaani, hajakosea. Wapo pia polisi waliowatonya watu mapema, nao wakawahi kujificha. Rais Jacques Chirac alikiri hadharani dhima ya taifa la Ufaransa mwaka 1995, miaka 53 baadaye.