Kilo zilezile, suruali haifungi

Wanaume wanaokuja kwangu wakiwa na miaka 40 na ushee karibu wote wana wimbo mmoja kuhusu kitambi, eti umri umeenda, mwili hauchomi tena chakula kama zamani. Jamani, umri unasingiziwa sana. Utafiti mkubwa uliotoka 2021 ulipima nishati ambayo mwili unatumia kwa siku ukakuta kwamba ukishazingatia ukubwa wa mwili na misuli, matumizi yako palepale toka miaka 20 mpaka 60 hivi, ndo yanaanza kushuka.

Ndo maana swali langu la kwanza huwa sio unakula nini, ni kazini unakaa au unasimama. 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, alichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London, dereva kakaa tu, kondakta anapanda ngazi mia tano na zaidi kwa siku akikata tiketi, na madereva ndo walikuwa wanaugua moyo zaidi. Baadae akaenda kukagua mpaka saizi za sare zao (hapo ndo nampendea), viuno vya madereva vikawa vikubwa hata kwa vijana, so inawezekana wengine walishaingia kazini na vitambi vyao, kazi tusiibebeshe lawama zote.

Ila nachokiona mimi kila wiki ni mtu aliyebadilishiwa kazi. Juzi kaja fundi ujenzi, miaka kibao kabeba zege, sasa hivi ni msimamizi, anakaa kwenye gari na simu, sahani ni ileile ya enzi za zege. Akaniambia mbona kilo hazijaongezeka, 78 toka zamani! Sawa, lakini kuanzia miaka ya thelathini misuli inapungua kama asilimia 3 mpaka 8 kila miaka kumi, na usipoitumia ndo kabisa, mafuta yanaingia pale ilipotoka na mzani hauoni tofauti.

Kwahiyo tukaacha mzani tukachukua futi ya fundi cherehani, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, sio pale mkanda unapokaa chini ya kitambi. Kwa mwanaume ukivuka sentimita 94 hatari ya magonjwa kama ya moyo imeanza, 102 ni kubwa, na wenye asili ya Asia Kusini kikomo chao ni 90. Mzee akavuta tumbo ndani nikamwambia kaka, pumua kawaida halafu toa pumzi.

103.