Runinga ya utotoni na mtunzi wa hadithi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jioni moja barazani Ngamiani, mzee mmoja aliniuliza kwa nini vijana wa Tanga hawatungi tena kama Shaaban Robert. Sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: "Runinga imewamaliza, mwanangu." Neno hilo nimelisikia mara nyingi, na kwa kuwa ninatunga hadithi na kusoma miswada ya vijana, linaniuma.

"Runinga huua ubunifu wa mtoto."

Kweli, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, hakulelewa na runinga. Alifariki mwaka 1962, kituo cha Zanzibar kikaanza 1973, na Bara tukangoja mpaka 1994. Lakini watoto wote wa rika lake hawakuwa na runinga, na Shaaban Robert alitoka mmoja tu.

Wanaosema hivi wanadhani mtoto hukaa mbele ya kioo kama mtungi chini ya bomba. Sisi Makorora hatukutazama hivyo. Mtaa mzima ulikuwa na runinga moja isiyo na rangi, sebuleni kwa jirani, na antena yake ilifungwa juu ya mwanzi mrefu. Kaka mmoja alisimama uani akiuzungusha mwanzi, nasi ndani tukipiga kelele: "Hapo hapo! Usiuachie!" Usiku ukitulia tulikipata kituo cha Kenya, tukaona Vitimbi au Vioja Mahakamani. Upepo ukivuma, zilibaki chenga. Waliokosa nafasi ndani walining'inia dirishani wakisikia sauti tu, na mara nyingi umeme ulikatika kabla hakimu hajatoa hukumu.

Kesho yake njiani kwenda shule, aliyeona alikuwa na deni la kumsimulia asiyeona. Mimi nilikuwa nimeona nusu, basi nusu ya pili niliitunga. Siku moja nilimfunga mshitakiwa miezi sita. Mwenzetu mmoja, ambaye kwao umeme haukukatika, akasema: "Mwongo huyo, aliachiwa huru!" Wakamsikiliza kidogo, kisha wakanigeukia mimi: "Na huko jela ikawaje?"

Hapo ndipo nilipoanza kazi hii. Kutazama peke yake kusingenifikisha. Kilichonifunza ni kule kusimulia, mbele ya watu ambao wangeniacha njiani mara tu hadithi ikipooza.

"Kipindi kibovu huzaa mwandishi mbovu."

Octavia Butler wa Pasadena, Marekani, alikuwa na umri wa miaka 12 alipoona kwenye runinga filamu iitwayo *Devil Girl from Mars*. Ilikuwa mbovu kiasi kwamba alijiambia anaweza kutunga hadithi bora kuliko ile, na zaidi ya hapo, kuna mtu aliyelipwa kuiandika ile. Akashika kalamu. Mwaka 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa hadithi za kubuni za kisayansi kupata tuzo ya MacArthur. Mwandishi mwenzake, Stephen King, alizaliwa mwaka 1947 kama yeye, nchi ileile, naye hushukuru kwamba alijua kusoma na kuandika kabla runinga haijaingia kwao. Kwa hiyo anayetaka kanuni moja ya watoto wote ataitafuta mpaka achoke.

"Kuathiriwa ni kuiga kisa."

Wengi wakisoma mswada wa kijana humtafuta mwizi: kisa hiki kakitoa tamthilia gani? Mara nyingi hakuna cha kukamata. Athari imejificha kwenye viungo vya hadithi, yaani pa kuingilia, pa kukatia, na nani anyamaze. Vioja Mahakamani hakukuwa na msimulizi wa kutuambia huyu ni mjanja na huyu ni mwoga. Mtu alijifichua kwa majibu yake mwenyewe kizimbani. Vijana waliokua na tamthilia za kundi la Kaole kwenye kituo cha ITV huandika mazungumzo yenye uhai namna hiyo bila kufundishwa, na mimi huwasifu kwa hilo.

Ila kuna upungufu, na sitauficha. Runinga ina macho na masikio, lakini haina pua wala ngozi. Binti mmoja aliniletea sura nzima iliyotokea soko la Mgandini. Watu walibishana vizuri ajabu, lakini dagaa hawakunuka, jua halikuchoma, na hakuna aliyetokwa jasho. Nilimwomba aende sokoni saa sita mchana, asimame tu. Sura aliyoirudisha ilikuwa na ukurasa mmoja zaidi, na ukurasa huo ndio ninaoukumbuka.

"Kukatiza kisa pale patamu ni ujanja wa runinga."

Hapana. Charles Dickens alikuwa akitoa hadithi vipande vipande tangu 1836, na Shahrazadi wa Alfu Lela U Lela aliokoa shingo yake kwa ujanja huohuo. Bibi zetu nao walituambia usingizi umewashika.

"Vipindi vilikuwa vya kigeni, vimewafanya wageni."

Vile vya Kenya vilikuwa kwa Kiswahili. Na hata filamu za nje, kwenye vibanda vya video watu kama Lufufu walizisimulia upya kwa Kiswahili juu ya sauti yake, wakiongeza vionjo vyao. Filamu ya mbali ilitoka pale imeshakuwa hadithi ya uswahilini.

Watoto wa leo wana katuni ya Ubongo Kids, iliyoanza 2014 na hutengenezwa Dar es Salaam. Mpwa wangu huitazama kwenye simu, spika za masikioni, peke yake. Juzi nilimwambia, "Nisimulie." Akaninyooshea simu: "Si utazame, shangazi, hiyo hapo." Nikaipokea, nikaifunika kitandani. Akanitazama kwa muda, akajikuna kichwa, kisha akaanza: "Basi, palikuwa na..."