Viungo Vinavyolegea Kupita Kiasi: Maumivu Yasiyoonekana kwenye Eksirei

Wapo watu ambao viwiko na magoti yao hupinda kuelekea nyuma kuliko kawaida, na ambao wanaweza kuinama wakalaza viganja sakafuni bila kukunja magoti. Wengi wao hawaumwi popote, na wengine hufaidika na hali hiyo katika dansi, sarakasi na jimnastiki. Hao si wagonjwa na hawahitaji tiba. Makala haya yanawahusu wale ambao kwao ulegevu wa viungo huambatana na maumivu, kuteguka mara kwa mara na uchovu usioondoka hata baada ya kulala, na ambao mara nyingi hurudishwa nyumbani kwa maelezo kwamba vipimo havikuonyesha kitu.

Ni kweli kwamba vipimo havikuonyesha kitu, lakini hilo halina maana kwamba hakuna kitu. Eksirei huonyesha mfupa uliovunjika au kiungo kilicholika, wala si kano iliyolegea, na vipimo vya damu vinavyotumika kutafuta baridi yabisi kwa kawaida havina la kusema kuhusu ulegevu. Kano ndizo zinazozuia kiungo kisivuke mpaka wake. Zikinyumbuka kupita kiasi, misuli hulazimika kuifanya kazi hiyo pamoja na kazi yake yenyewe, siku nzima, hata mtu akiwa amesimama tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya uchovu ambao watu wa karibu huudhania kuwa uvivu. Zaidi ya hayo, hisia inayoujulisha ubongo mahali kiungo kilipo huwa hafifu kwa wengi wao, hivyo hujikwaa, hujigonga na kuangusha vitu. Mtoto wa namna hiyo huitwa mzembe, na huumia mara mbili.

Uchunguzi wa awali hauhitaji mashine. Kwa kipimo cha Beighton, chenye alama 9, mtaalamu huangalia vidole vidogo vya mwisho vya mikono, vidole gumba vya mikono, viwiko na magoti, kila upande alama yake, kisha humtaka mtu ainame na kugusa sakafu kwa viganja. Kwa mujibu wa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017, mtu mzima wa hadi miaka 50 huhesabiwa kuwa na ulegevu wa mwili mzima akifikisha alama 5, na mtoto ambaye hajabalehe alama 6, kwa kuwa watoto wote ni walaini kiasi. Hata hivyo kipimo hiki hakigusi mabega, nyonga wala taya, kwa hiyo alama chache zisitumike kumnyamazisha mtu ambaye bega lake linateguka.

Vigezo hivyo vinataja aina 13 za ugonjwa wa Ehlers-Danlos, ambao huathiri tishu zinazoshikilia mwili na hurithiwa katika familia. Aina inayohusu zaidi ulegevu wa viungo bado haina kipimo cha vinasaba, hivyo hutambuliwa kwa historia na kwa kumpima mgonjwa kwa mikono. Aina inayoathiri mishipa ya damu ni adimu lakini ni ya hatari: iwapo ndugu wa damu alipasuka mshipa mkubwa au utumbo ghafla akiwa bado kijana, daktari aelezwe mapema.

Hakuna dawa ya kukaza kano. Kinachosaidia zaidi ni mazoezi ya kuimarisha misuli chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, yanayoanza kwa uzito mdogo na kuongezwa taratibu kwa miezi. Kujinyoosha hadi mwisho wa kiungo, au kukipindisha ili kuwafurahisha wenzako, ni mambo ninayoshauri yaachwe. Kulala kitandani kwa muda mrefu nako hudhoofisha misuli na kuzidisha maumivu. Ni heri kugawanya kazi na kupumzika kabla ya kuchoka kabisa. Mwalimu amruhusu mwanafunzi mwenye hali hii kubadili mkao na kupumzisha mkono anapoandika.

Anayepata kizunguzungu au mapigo ya moyo ya kasi kila asimamapo amweleze daktari, maana dalili hizo huandamana na hali hii kwa baadhi ya watu. Kabla ya upasuaji, kung'olewa jino au kujifungua, wahudumu wajulishwe, kwa sababu viungo vinaweza kuteguka wakati wa kumlaza mgonjwa na dawa ya ganzi huenda isimkolee ipasavyo.