“Kule Unalipwa kwa Kukaa Tu”: Yasemwayo na Yaliyo Kweli Kuhusu Mafao ya Kukosa Kazi Marekani

Januari 2009 ndugu yangu mmoja, mbeba boksi kwenye ghala la Columbus, Ohio, alipunguzwa kazini pamoja na shifti yake nzima. Nyumbani Tanga habari ile haikupokelewa kama msiba. Mjomba wetu, ambaye kila jambo la Ulaya na Marekani analo jibu lake tayari, alilituliza baraza zima: “Msihofu. Kule ukikosa kazi serikali inakulipa. Unakaa, unakula.” Mwezi uliofuata maombi ya ada za shule yakaongezeka.

Nilikuja kugundua kwamba maneno ya mjomba ndiyo yale yale yaliyokuwa yakisemwa na baadhi ya maseneta Washington, ila wao walivaa tai. Tangu hapo nimekuwa nikiyakusanya, na mengi bado yanazunguka hadi leo.

“Unakaa, unakula”

Kinacholipwa ni bima ya kukosa ajira, na kama bima yoyote, ina masharti. Aliyeacha kazi kwa hiari yake bila sababu ya msingi hapati. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hapati. Asiye na kibali cha kufanya kazi hapati, hata kama amekatwa kodi miaka kumi. Aliyejiajiri mwenyewe kwa kawaida hapati. Waliingizwa kwa mpango wa muda tu wakati wa korona, mwaka 2020. Anayebaki ni yule aliyekuwa na mwajiri, akafanya kazi muda wa kutosha, kisha kazi ikamponyoka bila kosa lake.

Na huyo naye halipwi mpaka aombe upya kila wiki. Ndugu yangu alikuwa akifanya hivyo Jumapili usiku, kompyuta mapajani, daftari la mistari pembeni. Wiki hii uliweza kufanya kazi? Ulikuwa tayari kuanza mara moja? Ulikataa kazi yoyote uliyopewa? Ulifanya kibarua chochote, na ulilipwa shilingi ngapi? (Dola, lakini yeye akinisimulia husema shilingi.) Lile daftari lilikuwa na majina ya sehemu alizoomba kazi, tarehe, na nani alimjibu. Safu ya majibu ilikuwa nyeupe karibu yote. Swali moja likijibiwa ovyo, malipo yanasimama mpaka uhojiwe. Ukidanganya unarudisha fedha na adhabu juu, na unaweza kufikishwa mahakamani.

Sasa kiasi. Ohio huchukua nusu ya wastani wa mshahara wako wa wiki, mpaka kikomo fulani. Yeye alikuwa akilipwa dola 11 kwa saa, saa 40, yaani 440 kwa wiki. Nusu yake ni 220. Kuanzia mwaka ule serikali kuu iliongeza dola 25 kwa wiki kwa muda. Wastani wa nchi nzima ulikuwa kama dola 300. Fedha hizo zinatozwa kodi ya mapato, jambo ambalo wengi waliligundua mwaka uliofuata wakati wa kujaza fomu za kodi. Mjomba akizigeuza 220 kuwa shilingi alipata hela ambayo Tanga mtu huihangaikia mwezi mzima. Ndugu yangu akizigawa kwa kodi ya nyumba, mafuta ya gari na umeme wa Februari, alibakiwa na mchele.

“Ni sadaka ya serikali, itakuharibia makaratasi”

Hofu hii inawatesa zaidi Waswahili waliopo huko kuliko sisi tuliobaki. Utaisikia kwa Wakongo waliofika kama wakimbizi na kwa Wakenya wanaosubiri makazi ya kudumu. Ndugu yangu alikaa wiki tatu bila kuomba kwa sababu mwenzake wa msikitini alimwambia atahesabiwa kuwa mzigo kwa taifa.

Si kweli. Maofisa wa uhamiaji wanapopima kama mtu atakuwa mzigo kwa serikali huangalia misaada ya fedha wapewayo mafukara. Bima ya kukosa ajira haimo, kwa kuwa mtu ameistahili kwa kazi yake. Mkimbizi, zaidi ya hapo, hapimwi kwa kipimo hicho kabisa. Wiki tatu zile hakuzipata tena.

Mfumo wenyewe una umri. Wisconsin walitunga sheria yao mwaka 1932, na sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 ikausambaza nchi nzima. Anayechangia ni mwajiri, kwa kodi inayotokana na orodha ya mishahara. Ni Alaska, New Jersey na Pennsylvania tu ambako mfanyakazi naye hukatwa kidogo. Kodi ya serikali kuu hutozwa kwenye dola 7,000 za mwanzo za mshahara wa mwaka, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1983, na majimbo kadhaa yameng'ang'ania kiwango hicho hicho kwa michango yao. Haishangazi kwamba mdororo wa uchumi wa miaka ile ulipopiga, mifuko mingi ya majimbo ilikauka wakaenda kukopa Washington.

Hapa lakini wapinzani wa mafao haya wana hoja, na ni haki kuitaja. Michango hiyo hulipia wiki za kawaida, ambazo katika majimbo mengi zilikuwa 26. Zilizoongezwa juu yake wakati wa mdororo zililipwa kwa sehemu kubwa kutoka hazina kuu. Kuziita na hizo “fedha za mfanyakazi mwenyewe” ni kutia chumvi.

“Obama aliwagawia watu wote wiki 99”

Aliyetia saini nyongeza ya kwanza ni George W. Bush, tarehe 30 Juni 2008, na ilikuwa wiki 13. Wala hakuwa wa kwanza. Eisenhower alifanya hivyo mwaka 1958, na midororo mikubwa iliyofuata nayo ilikuja na nyongeza zake. Ni desturi ya vyama vyote viwili.

Wiki 99 zilipatikana kwa ngazi. Wiki 26 za jimbo. Kisha, kuanzia Novemba 2009, ngazi nne za dharura za wiki 20, 14, 13 na 6. Kisha wiki 20 za mpango wa kudumu wa nyongeza uliokuwepo tangu 1970. Lakini ngazi za juu zilifunguka tu pale ambapo kiwango cha wasio na kazi katika jimbo kilikuwa kikubwa. Ya nne ilihitaji asilimia 8.5. North Dakota, ambako mafuta yalikuwa yakichimbwa na waajiri wakigombania watu, waliishia wiki 60. Michigan na Ohio walifika 99. Kilichokuwa kikipimwa ni soko la kazi la pale unapoishi, tabia yako haikuwa na nafasi katika hesabu hiyo.

Jingine lisilosemwa barazani ni kwamba hakuna aliyeahidiwa wiki 99 siku ya kwanza. Zilikuja kwa vipande, na kila kipande kilikuwa na tarehe ya kufa. Mwaka 2010 pekee Bunge liliuacha mpango ufe mara nne. Mara ya tatu ilikuwa mbaya zaidi: kuanzia 2 Juni hadi Obama aliposaini tarehe 22 Julai, aliyemaliza ngazi moja hakuweza kupanda nyingine. Watu kama milioni 2.5 walikatiwa malipo katika wiki hizo saba. Ndugu yangu alimaliza ngazi ya tatu katikati ya Julai, akakuta mlango umefungwa. Baadaye walilipwa malimbikizo, sawa, lakini mwenye nyumba hasubiri malimbikizo. Aliuza gari. Kutafuta kazi Columbus bila gari ni sawa na kuvua kwa mikono.

“Ukiongeza wiki, unaongeza wavivu”

Hii ndiyo yenye uzito, kwa sababu ndani yake mna chembe ya kweli. Wanauchumi wamejua kwa miongo mingi kwamba mtu mwenye mafao hukaa bila kazi muda mrefu kidogo kuliko asiye nayo. Swali ni kidogo kiasi gani, na kwa nini.

Angalia kwanza foleni. Kabla ya mdororo, kila nafasi moja ya kazi iliyotangazwa ilikuwa na watu wasio na kazi wasiofika wawili. Katikati ya 2009 walikuwa zaidi ya sita. Oktoba mwaka huo kiwango cha ukosefu wa kazi kilifika asilimia 10. Masika ya 2010 watu wapatao milioni 6.8 walikuwa wamekaa bila kazi miezi sita au zaidi, karibu nusu ya wote waliokuwa wakitafuta. Sita wakigombea kiti kimoja, hata wote wawe na bidii ya mchwa, watano watabaki wamesimama. Aliyechelewa kukikalia kiti hicho kampisha mwenzake. Kiti hakikubaki kitupu.

Mwanauchumi Jesse Rothstein aliyapima haya. Alikuta kwamba mwanzoni mwa 2011, wakati ukosefu wa kazi ulikuwa kama asilimia 9, nyongeza zile zilikuwa zimekipandisha kiwango kwa kati ya pointi 0.1 na 0.5 tu. Na angalau nusu ya ongezeko hilo dogo ilitokana na watu ambao, bila mafao, wangekata tamaa na kuacha kabisa kutafuta. Kwa kuwa masharti yanakulazimisha utafute, waliendelea kuhesabiwa. Yaani kinachoitwa uvivu kwenye chati kilikuwa, kwa sehemu kubwa, watu waliokataa kuondoka kwenye foleni.

Wapo waliopata majibu mengine. Hagedorn, Manovskii na Mitman walidai athari ilikuwa kubwa zaidi, kwa hoja kwamba mafao huwafanya waajiri wenyewe watangaze nafasi chache. Wengine waliolinganisha wilaya zilizopakana, mpaka wa jimbo ukipita katikati, waliona athari ndogo au hawakuiona kabisa. Mimi naegemea hao wa mwisho, lakini si ubishi uliozikwa.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kuliko wote. Kroft, Lange na Notowidigdo walituma wasifu wa kubuni wapatao 12,000 kwa waajiri katika miji mikubwa 100 ya Marekani, wenye sifa zinazolingana, tofauti ikiwa ni muda mtu aliokaa bila kazi. Kadiri muda ulivyokuwa mrefu, simu za kuitwa usaili zilipungua, na anguko kubwa lilikuwa ndani ya miezi minane ya mwanzo. Karatasi haina uvivu. Haikuchelewa kuamka wala haikujibu vibaya. Ilikuwa na pengo la tarehe tu, na pengo hilo likatosha.

“Ni hela iliyotupwa”

Fupi: mtu asiye na kipato hapeleki dola 220 benki. Anazipeleka dukani wiki ile ile. Mark Zandi, mwanauchumi wa kampuni ya Moody's Analytics, alikadiria kwamba kila dola ya mafao hayo ilizungusha uchumi kwa kama dola 1.6. Ukilipunguza kadirio lake kwa theluthi, bado ni fedha iliyofanya kazi.

“Walipokata, takwimu zikashuka, si mnaona?”

Mpango wa dharura ulikufa tarehe 28 Desemba 2013. Watu milioni 1.3 walikatiwa siku ile ile. Seneti ilipitisha kuurudisha Aprili 2014, Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura. Ukosefu wa kazi ukaendelea kushuka mwaka 2014, na wengi wakapiga makofi. North Carolina walitangulia: Julai 2013 walishusha malipo ya juu kabisa kutoka dola 535 hadi 350 kwa wiki, wakapunguza wiki za jimbo, na kwa kufanya hivyo wakapoteza haki ya fedha za dharura za serikali kuu. Takwimu zao zikashuka. Za majirani zao South Carolina na Georgia, ambao hawakuchukua hatua hiyo mwezi ule, nazo zikashuka.

Hapa watu huchanganya jambo: wanadhani asiyelipwa mafao hahesabiwi. Takwimu za ukosefu wa kazi hazitoki kwenye orodha ya mafao. Hutokana na kuhoji kaya kama 60,000 kila mwezi, na swali ni: wiki nne zilizopita ulitafuta kazi? Aliyekatiwa mafao akaendelea kutafuta bado yumo. Aliyekata tamaa ametoka, na kutoka kwake kunaishusha takwimu karibu sawa na kama angeajiriwa.

“Sisi hatuna kitu kama hicho”

Mkenya akisema hivi yuko sahihi kiasi. Anayepunguzwa kwa kukosekana kazi hulipwa angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliofanya kazi, kwa sheria ya ajira ya 2007, basi. Mtanzania akisema hivyo amepitwa. Tangu mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii mwaka 2018, katika vurugu zile za kufutwa kwa fao la kujitoa, lipo fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Wengi walilitazama kwa jicho la hasira kwa sababu walitaka michango yao yote kwa mkupuo, na sikuwalaumu. Kipengele cha kurefusha miezi hiyo uchumi ukiyumba, hakijawekwa.

Ndugu yangu alipata kazi Oktoba 2010, wiki ya 86. Ghala jingine, shifti ya usiku, dola 9.50 kwa saa. Jumapili ile alifungua kompyuta kama kawaida, akafika kwenye swali la kama amefanya kazi yoyote wiki hii, akabonyeza ndiyo, akaandika saa 40. Malipo ya wiki hiyo yakaja sifuri. Alimpigia mjomba kumpa habari njema, na mjomba akauliza kama ina maana sasa atakuwa analipwa mara mbili.