Nimonia ya korona: yanayosemwa na yanayotokea ndani ya pafu

"Ni makohozi yamejaa kifuani. Yakitoka, umepona."

Hili ndilo kosa ninalolisikia zaidi, na nataka tukae nalo kidogo. Pafu si puto tupu. Limejaa vifuko vya hewa milioni mia kadhaa, vidogo mno kuonekana vizuri kwa macho. Ukuta unaotenganisha hewa na damu hauzidi takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, na hapo ndipo oksijeni inapovuka kuingia mwilini.

Virusi vya korona huingia kwenye seli kwa kushika protini iitwayo ACE2. Ndani ya vifuko, protini hiyo imo hasa kwenye seli zinazotengeneza ute mwepesi unaozuia kifuko kisijifunge kila tunapotoa pumzi. Seli hizohizo ndizo huzaa nyingine za kuziba pengo ukuta unapochubuka. Zikifa, kifuko kinapoteza ute wake na fundi wake kwa mpigo mmoja.

Kinga ya mwili nayo huja kwa kishindo. Mishipa midogo inavuja, majimaji yenye protini yanaingia mahali pa hewa, kisha protini na mabaki ya seli zilizokufa yanagandamana na kutanda ukutani kama utando. Utando huo haukoholeki, umeshikamana na ukuta wenyewe. Wagonjwa wengi hukohoa kikohozi kikavu, halafu watu wa nyumbani wanajifariji kwamba kifua ni safi.

"Ni ugonjwa wa hewa tu, damu haihusiki."

Inahusika sana. Kuta za ndani za mishipa midogo ya pafu huumia, na damu huganda humo kuwa mabonge madogomadogo. Hapo kuna vifuko vyenye hewa lakini havipati damu, na vingine vina damu lakini havina hewa. Ndiyo sababu wagonjwa wengi waliolazwa hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda.

"Nikiweza kubana pumzi sekunde kumi, mapafu yangu ni mazima."

Jaribio hili lilienea sana mwaka 2020, na naliona la hatari kuliko mengine yote. Hisia ya kukosa pumzi huamshwa zaidi na kaboni dayoksaidi inapopanda kwenye damu kuliko na oksijeni inaposhuka. Kaboni dayoksaidi hupenya ukuta wa kifuko kwa wepesi wa takriban mara 20 kuliko oksijeni, kwa hiyo inaendelea kutoka hata ukuta ukiwa umevimba. Mtu anaweza kuwa amekaa kitandani, anaongea na simu, anasema yuko sawa, na kipimo cha oksijeni kidoleni kinasoma asilimia 84. Kawaida ni 95 kwenda juu. Chini ya 90, Shirika la Afya Duniani huhesabu ugonjwa kuwa mkali.

Na kipimo chenyewe kina kasoro: kwa watu wenye ngozi nyeusi, mara nyingine husoma juu kuliko hali halisi ya damu. Namba ikiwa inashuka siku hadi siku, au mgonjwa anahema haraka, midomo imebadilika rangi, au ameanza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali bila kungoja ishuke zaidi.

"Antibiotiki na deksamethasoni zianze mapema, zitakinga mapafu."

Antibiotiki haziui virusi. Hufaa pale tu bakteria nao wameongezeka juu ya virusi hivyo. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ni habari nyingine: utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, mwaka 2020, ulionyesha kuwa inapunguza vifo vya wagonjwa wanaohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta nafuu. Inatuliza kinga iliyopandwa na hasira, ilhali siku za mwanzo kinga hiyo bado inapambana na virusi.

"Pafu likishaguswa na korona, limekwisha."

Hapana, na walio kwenye miezi ya uchovu baada ya korona wanahitaji kulisikia hili. Wengi huona mapafu yakisafika taratibu katika miezi inayofuata, kwa sababu seli zilizosalimika huzaa mpya na utando ule husafishwa. Wengine, hasa waliougua sana hadi kuwekwa kwenye mashine, hubaki na makovu: tishu ngumu isiyotanuka vizuri. Anayeendelea kuishiwa pumzi akipanda ngazi miezi mitatu baada ya kupona asiambiwe ni wasiwasi tu. Apimwe uwezo wa mapafu, na apigwe picha ya kifua.