Kuandika “zawadi” hakuondoi ushuru

Imani hii ina miaka mingi: ukiweka alama kwenye kisanduku cha “zawadi” katika fomu ya forodha, kifurushi kitapita bure. Alama hiyo peke yake haitoshi.

Fomu zenyewe, CN22 na CN23, ni za Umoja wa Posta Duniani. Huuliza kilichomo, uzito, thamani na aina ya kinachotumwa, na zawadi ni aina mojawapo tu. Kinachoamua ushuru ni bidhaa yenyewe, thamani yake na sheria ya nchi inayopokea. Nchi nyingi huzipa zawadi nafuu, lakini ndogo na yenye masharti. Umoja wa Ulaya husamehe zawadi isiyozidi yuro 45. Uingereza huisamehe kodi ya ongezeko la thamani ikiwa haizidi pauni 39. Kote huko lazima itoke kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi, bila malipo. Uliyoinunua mtandaoni, duka likaituma lenyewe, si zawadi, hata ikifungwa kwa utepe mwekundu. Pombe, tumbaku na manukato yana mipaka yake ya ziada.

Wengine hushauri uandike thamani ya sifuri. Huo ndio ushauri mbaya kuliko wote. Mpokeaji hakulipa kitu, sawa, ila sokoni kitu kina bei yake, na afisa anaweza kuikadiria mwenyewe au kudai risiti. Kifurushi kikipotea, nayo fidia huangalia thamani uliyotangaza.

Kwa kawaida anayedaiwa ushuru ni mpokeaji, kwa hiyo ajulishwe kabla mzigo haujaondoka.