Kabla ya Kocha Kuna Kalenda: Sifa za Kitaaluma kwa Wachezaji wa Kikapu Wanaotaka Vyuo vya Marekani

Ujumbe mwingi ninaopokea kutoka kwa wazazi huanza na kimo cha mtoto. Baba huniandikia kwamba kijana wake amefikia futi sita na inchi nane, hana miaka kumi na minane, na kocha fulani ameiona video yake akaisifu. Mimi humjibu kwa maswali mawili ambayo kwa kawaida hakuyatarajia: mtoto alianza kidato cha kwanza mwaka gani, na alifanya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne wa Kenya, mwaka gani? Kazi yangu ni kuandaa hati za masomo za wachezaji wa mpira wa kikapu wanaoomba kuingia vyuo vya Marekani, nami nimeona vijana wengi zaidi wakikwama kwenye tarehe za vyeti vyao kuliko uwanjani.

Michezo ya vyuo vikuu vikubwa vya Marekani husimamiwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ambayo ina kituo maalumu huko Indianapolis cha kuhakiki sifa za kila mchezaji mpya. Chuo kinaweza kumpokea mwanafunzi darasani, lakini kituo hicho ndicho kinachoamua kama ataruhusiwa kuchezea timu katika mwaka wake wa kwanza. Hizi ni hukumu mbili tofauti zinazotolewa na watu tofauti, na kupita kwenye moja hakumpitishi mtu kwenye nyingine. Chuo kinaweza kudai mtihani wa Kiingereza au alama za juu zaidi ya kiwango cha NCAA.

Kwa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya mashindano yake, NCAA hudai masomo 16 ya msingi ya sekondari, likihesabiwa kila somo kwa mwaka mmoja: Kiingereza miaka minne, hisabati mitatu, sayansi miwili, masomo ya jamii kama historia na jiografia miwili, mwaka mmoja zaidi wa Kiingereza, hisabati au sayansi, na minne ya ziada inayoweza kutoka humo humo au katika lugha ya kigeni, falsafa na dini linganishi. Masomo ya ufundi na ya michezo hayaingii. Wastani wa alama katika masomo hayo usipungue 2.3 katika kipimo cha 4.0. Aliye kati ya 2.0 na chini kidogo ya 2.3 anaweza kupewa ufadhili na kufanya mazoezi na timu, ila hatacheza mechi katika mwaka wa kwanza. Divisheni ya Pili huridhika na wastani wa 2.2. Sharti la SAT na ACT, mitihani ya Marekani ya kuombea vyuo, liliondolewa Januari 2023, kwa hiyo mzazi anayeambiwa leo kwamba NCAA inadai SAT anapewa habari zilizopitwa na wakati, ingawa chuo chenyewe bado kinaweza kuidai.

Wazazi wengi huogopa kwamba alama za kwetu zitaonekana duni. Katika matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania, kwa mfano, alama C huanzia 45, kiwango ambacho katika shule nyingi za Marekani kingekuwa cha kufeli. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu kituo cha Indianapolis kina mwongozo wenye maelezo ya kila nchi, unaotaja vyeti vinavyokubaliwa na namna alama zake zinavyogeuzwa, nao wahakiki hufanya hesabu hiyo wenyewe. Shule isijitwike kazi ya kugeuza alama kabla ya kutuma. Kinachotakiwa ni matokeo halisi kama yalivyotolewa na baraza la mitihani, KNEC la Kenya au NECTA la Tanzania, pamoja na rekodi za shule za kila mwaka, na hati isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Rekodi za kidato cha kwanza na cha pili ndizo zinazopotea zaidi. Nimewahi kusubiri miezi mitatu shule moja itafute daftari la matokeo lililokuwa kwenye stoo iliyovuja wakati wa masika, na muda wote huo kocha wa upande wa pili alikuwa akiuliza kila wiki kama faili limekamilika.

Tuje sasa kwenye kalenda. Divisheni ya Kwanza huhesabu masomo yaliyokamilishwa ndani ya miaka minne tangu mwanafunzi alipoanza mwaka wa tisa wa shule, ambao katika mfumo wa Kenya wa 8-4-4 ulikuwa kidato cha kwanza. Baada ya tarehe ambayo mwanafunzi wa nchi hiyo hutarajiwa kuhitimu, huruhusiwa somo moja tu la nyongeza. Hapo ndipo desturi yetu njema ya kurudia mtihani inapomgeukia mchezaji. Kijana mmoja wa Kilifi niliyemshughulikia alipata matokeo ya kati katika KCSE, na shule yake, kwa nia safi kabisa, ikamshauri arudie kidato cha nne. Alirudia, akajitahidi, akapanda vizuri. Tulipowasilisha hati zake, wahakiki walitumia matokeo ya mara ya kwanza, na yale mapya hayakumsaidia katika Divisheni ya Kwanza. Aliishia katika chuo cha Divisheni ya Pili, ambayo hukubali masomo yote yaliyokamilishwa kabla ya mtu kujiunga na chuo kwa muda kamili. Hana majuto, lakini angeambiwa mapema angechagua akijua.

Saa hiyo hiyo ya miaka minne humfuata mwanafunzi anayehamia sekondari ya Marekani. Hasheem Thabeet alitoka Makongo, Dar es Salaam, akamalizia sekondari Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya Marekani. Atiki Ally Atiki wa Mwanza alipitia London ya Ontario, Kanada, kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Brigham Young. Njia hiyo ni nzuri, lakini shule za huko zina mazoea ya kumrudisha mgeni darasa moja au mawili nyuma ili apate muda wa kukua, ilhali NCAA huanza kuhesabu pale alipoanza mwaka wa tisa nyumbani. Mzazi aulize swali hilo kabla ya kutia saini fomu ya uhamisho.

Kuna saa ya pili. Mchezaji wa kikapu ana mwaka mmoja wa neema baada ya tarehe yake ya kuhitimu sekondari. Ukipita kabla hajajiunga na chuo, naye akaendelea kucheza katika ligi au mashindano yaliyopangwa, hupoteza msimu mmoja kwa kila mwaka wa kucheza, tena hulazimika kukaa mwaka mmoja chuoni bila mechi. Na ipo ya tatu: miaka mitano ya kucheza misimu minne huanza kuhesabiwa siku mtu anapojiandikisha chuo chochote kwa muda kamili, kiwe Nairobi, Dodoma au Bujumbura. Madina Okot wa Kenya alichezea Chuo Kikuu cha Zetech cha nyumbani kabla ya kwenda Mississippi State mwaka 2024 na kuhamia South Carolina mwaka 2025, kwa hiyo njia ya kutoka chuo cha nyumbani ipo. Ila anayeipita anakwenda na miaka iliyokwisha kupunguzwa.

Kanuni za uchezaji wa ridhaa, yaani wa bila malipo, kwa upande mwingine, zimelegea sana. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa Uganda, alichezea City Oilers ya Kampala katika Ligi ya Kikapu ya Afrika na timu ya taifa lake katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, kisha akaingia Duke mwaka huo huo. Desemba 2025 Chuo Kikuu cha Baylor kilimpokea James Nnaji, Mnigeria aliyekuwa amecheza kulipwa Ulaya na kuchaguliwa katika drafti ya mwaka 2023. Aliyewahi kupokea posho ya klabu asikate tamaa. Aeleze kila senti kwa ukweli.

Ufadhili kamili hulipia ada, malazi, chakula, vitabu na gharama nyingine za maisha chuoni. Watu wachache huambiwa kwamba sehemu ya malazi na chakula hutozwa kodi, na kwa mwanafunzi mwenye viza ya masomo ya F-1 kiwango cha kukata ni asilimia 14 pale ambapo nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani. Kenya na Tanzania hazina. Tangu mwaka 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, lakini viza ya F-1 huzuia kazi nje ya masharti yake, hivyo mchezaji asitie saini mkataba wa matangazo kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Ahadi ya ufadhili huwa ni hati ya maandishi kutoka chuo chenyewe. Hakuna wakala anayeuuza, na familia isiuze shamba kwa sababu ya mtu aliyesema ameshaongea na kocha.

Kwa raia wa Tanzania kuna kizuizi kikubwa kuliko vyote hivi. Amri ya Rais wa Marekani ya Desemba 2025 ilisimamisha utoaji wa viza mpya za wanafunzi kwao kuanzia tarehe 1 Januari 2026, kama ile ya Juni 2025 ilivyofanya kwa raia wa Burundi. Saa nilizozieleza hazisimami kwa sababu ubalozi umefunga dirisha. Mapema mwaka huu binti mmoja wa Mwanza, aliyemaliza kidato cha sita na kuzungumza na makocha wawili, aliniuliza kama akae nyumbani bila kujiunga na chuo ili asianze kuhesabiwa miaka mitano. Nilikaa na swali lake siku mbili. Nilimjibu kwamba singempa binti yangu mwenyewe ushauri wa kuacha shahada iliyo mkononi kwa ajili ya lango ambalo hakuna ajuaye litafunguliwa lini, na kwamba misimu miwili au mitatu itakayobaki bado ina thamani kwa kocha anayemtaka kweli. Amejiandikisha kusomea famasi, anacheza timu ya chuo, na rekodi zake zote tangu kidato cha kwanza tumezikusanya na kuzihifadhi.